Kuchochea ubongo kwa umeme bila kupasua fuvu: je, kumbukumbu inaongezeka kweli? (Uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam. Kila baada ya muda anajitokeza mtu kuuliza kama ile mikanda ya kichwani inayotoa umeme mdogo inaongeza kumbukumbu. Majibu huwa ni yaleyale: mmoja anasema utapeli mtupu, mwingine anasema ameona video na inafanya kazi. Nimefuatilia tafiti za eneo hili kwa muda mrefu na naona majibu yote mawili yanapotosha watu. Utafiti upo, ni wa kweli, na baadhi ya matokeo yake yanasisimua sana. Tatizo ni kwamba kinachofanyika maabara na kinachouzwa mtandaoni vinafanana kwa sura tu. Leo nataka tuichambue tofauti hiyo.

Njia kubwa ziko tatu. Ya kwanza ni sumaku, inaitwa TMS. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake huko Sheffield, Uingereza, waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu, juu ya sehemu inayoendesha misuli, wakapitisha umeme mkali kwa muda mfupi mno. Uga wa sumaku ukapenya fuvu, ukazalisha umeme ndani ya ubongo, na misuli ya mkono ikastuka yenyewe, bila kisu wala ganzi. Tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeruhusu TMS itumike kutibu sonona iliyoshindikana kwa dawa. Kwa kazi ya kumuongezea kumbukumbu mtu mzima mwenye afya, hakuna ruhusa kama hiyo.

Ya pili ni tDCS: umeme wa moja kwa moja, kwa kawaida miliampea 1 hadi 2, kupitia elektrodi mbili zilizobandikwa kichwani. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2000 kwamba elektrodi chanya ikikaa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha misuli, seli za neva za hapo zinakuwa nyepesi kuitika, na ile hasi inazifanya nzito. Athari ikaendelea kwa dakika kadhaa hata baada ya umeme kuzimwa. Zingatieni hili: umeme huo hauna nguvu ya kuilazimisha seli ifyatuke. Unaisogeza tu karibu na kufyatuka au mbali nako.

Ya tatu ni tACS, umeme wa kwenda na kurudi kwa kasi iliyochaguliwa. Hii ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ubongo wenyewe unafanya kazi kwa midundo. Unaposhika jambo akilini, kuna mawimbi ya polepole, mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na ya haraka yanayopanda juu yake, na maeneo ya mbele na ya pembeni ya ubongo yanalingana mdundo. Umri ukienda, ulinganifu huo unalegea. Kazi ya tACS ni ile ya mtu anayesukuma bembea: nguvu ni ndogo, lakini ukisukuma kwa wakati wake bembea inapaa, na ukisukuma nje ya wakati unaisimamisha.

Mwaka 2019 Robert Reinhart na John Nguyen wa Chuo Kikuu cha Boston walijaribu jambo hilo. Walichukua vijana wa miaka ya ishirini na wazee wa miaka 60 hadi 76. Mshiriki anaoneshwa picha ya kitu, inatoweka kwa sekunde chache, kisha inakuja picha ya pili, naye aseme kama ni ileile au imebadilika kidogo. Bila msaada wazee walikosea zaidi. Wakapewa umeme kwa dakika 25, uliopangwa kwa mdundo wa ubongo wa kila mmoja wao, na makosa yao yakashuka hadi kukaribia ya vijana. Athari ilidumu angalau dakika 50 baada ya mashine kuzimwa, muda wote waliopimwa. Na vijana waliovurugiwa mdundo huohuo, umeme ukielekezwa kinyume, walianza kukosea. Kwangu hilo la vijana ndilo lenye uzito zaidi, maana linaonyesha kwamba mdundo wenyewe una kazi, si suala la mtu kuchangamka kwa sababu ana mashine kichwani.

Mwaka 2022 timu ya Boston ikarudi na watu 150 wenye miaka 65 hadi 88. Dakika 20 kwa siku, siku nne mfululizo. Walisomewa orodha za maneno 20 kisha wakatakiwa kuyakumbuka. Waliopewa mdundo wa haraka, hezi 60 (yaani mara 60 kwa sekunde), sehemu ya mbele ya ubongo, walikumbuka vizuri zaidi maneno ya mwanzo wa orodha, ambayo hutegemea kumbukumbu ya muda mrefu. Waliopewa mdundo wa polepole, hezi 4, sehemu ya pembeni kuelekea nyuma, walikumbuka zaidi maneno ya mwisho, yale ambayo bado yanaelea akilini. Nafuu ilikuwepo hata mwezi mmoja baadaye. Kisha wakabadilisha: mdundo wa mbele wakaupeleka nyuma na wa nyuma wakauleta mbele. Faida haikuonekana.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Umeme hauingizi kumbukumbu kichwani. Unasaidia kazi ambayo ubongo tayari unaifanya, mahali maalumu, kwa mdundo maalumu. Kifaa kisichojua unapaswa kupata mdundo gani, na wapi, hakina namna ya kufanya walichofanya hao wa Boston, hata kama kina miliampea zilezile.

Karibuni kwa maswali. Naomba tu tujadili kwa hoja.

#2 FundiUmeme

Mkuu, uzi umesimama. Ila mimi ni mtu wa umeme na kuna kitu kinanikera katika habari hizi. Umeme unafuata njia nyepesi. Ngozi ya kichwa ina unyevu na chumvi, fuvu ni mfupa mkavu kiasi. Miliampea 2 ukiziweka juu ya ngozi, nyingi zitakimbilia pembeni kwenye ngozi hiyohiyo hadi elektrodi ya pili. Ubongoni inafika nini?

#3 Mleta uzi

FundiUmeme, umegusa kidonda. Mwaka 2018 Mihály Vöröslakos, György Buzsáki na wenzao walichapisha kipimo kilichofanywa kwenye miili ya watu waliofariki, wakapima umeme moja kwa moja ndani ya kichwa. Karibu asilimia 75 unapotea kwenye ngozi, nyama laini na fuvu. Kilichobaki ni hafifu mno, hakiwezi kuiwasha seli iliyotulia.

Watetezi wa njia hii wana jibu, na si la kubezwa: hakuna haja ya kuwasha seli iliyotulia. Seli iliyo karibu kufyatuka inahitaji kusukumwa kidogo tu, na zikiwa nyingi zikasukumwa pamoja kwa mdundo, athari inajumlishana. Lakini jibu hilo linakuja na sharti lake, kwamba seli ziwe kazini wakati huo. Ndiyo maana tafiti nyingi humpa mshiriki zoezi la kukumbuka umeme ukiwa unapita, wala hazimwachi ametulia anatazama dari.

Kuna suala la pili ambalo watu hawaliulizi: mtu anajuaje kama amepata umeme wa kweli? Utaratibu wa kawaida ni huu. Sponji mbili zinalowekwa maji ya chumvi, zinafungwa kichwani kwa mkanda wa mpira. Mashine ikiwashwa umeme unapanda taratibu, unasikia mwasho na vijisindano chini ya sponji. Kwa kundi la ulinganisho mashine inapanda vilevile, mtu anasikia mwasho uleule, kisha baada ya sekunde 30 hivi inashuka na kuzima kimyakimya huku akiendelea na zoezi. Baada ya muda ngozi inazoea hata kwa wale ambao umeme wao unaendelea, kwa hiyo makundi yote mawili yanafikiri yamepata. Mkanda uliouziwa nyumbani hauna kundi la ulinganisho. Ukihisi umechangamka, hujui ni umeme, ni mwasho au ni hamu yako ya kuona mabadiliko.

#4 Msomaji wa Usiku

Mkuu mimi ni mwanafunzi, mitihani iko mlangoni. Kuna kifaa nimekiona, wanasema unavaa dakika 20 kabla ya kusoma. Nikinunua kitanisaidia au nitakuwa nimetupa hela?

#5 Mleta uzi

Ushauri wangu, usinunue. Nitakwambia kwa nini.

Mwaka 2015 Jared Horvath na wenzake walikusanya tafiti za tDCS ya kikao kimoja kwa watu wazima wenye afya, wakazipima pamoja. Hawakupata athari ya kutegemewa kwenye uwezo wa kufikiri, kumbukumbu ikiwemo. Wapo waliopinga namna walivyojumlisha, na mjadala ule haujaisha, lakini athari ingekuwa kubwa kama matangazo yanavyodai isingehitaji kubishaniwa hivyo. Kuna pia watafiti walioupima mkanda mmoja uliokuwa unauzwa madukani kwa watu wa kawaida, wakakuta waliouvaa walifanya vibaya zaidi kwenye zoezi la kumbukumbu ya muda mfupi kuliko waliopewa umeme wa bandia.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba unaweza kupata huku ukapoteza kule. Mwaka 2013 Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh waliwafundisha watu alama mpya za namba huku wakichochewa ubongo. Kundi lililochochewa sehemu ya nyuma lilijifunza haraka zaidi, lakini likawa zito katika kuzitumia alama hizo bila kufikiri. Kundi lililochochewa sehemu ya mbele lilikuwa kinyume chake. Mtu anayepima kasi ya kujifunza peke yake angerudi nyumbani na habari njema tupu.

Sasa nikupe kitu cha kufanya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma mara nne. Jingine lilikisoma mara moja, kisha mara tatu likafunika karatasi na kuandika kila linachokumbuka. Baada ya wiki moja, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 40, waliojipima walikumbuka 61. Hakuna kifaa cha kichwani ninachokifahamu chenye matokeo ya wazi namna hiyo kwa mwanafunzi. Funika daftari, andika, funua, sahihisha. Halafu lala, na hapo sisemi kwa kukufariji: usingizi mzito ndio wakati ubongo unapopanga ulichosoma.

#6 Msomaji wa Usiku

Asante mkuu. Hilo la usingizi, kuna watu wanachochea ubongo mtu akiwa amelala?

#7 Mleta uzi

Wapo, na ni tawi zuri sana. Katika usingizi mzito ubongo unatoa wimbi la polepole, chini ya mara moja kwa sekunde. Mwaka 2006 Lisa Marshall, Jan Born na wenzao huko Lübeck, Ujerumani, walitia umeme hafifu wa hezi 0.75 kwa vijana waliolala baada ya kujifunza jozi za maneno. Asubuhi walikumbuka zaidi kuliko usiku ambao umeme ulikuwa wa bandia. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Nyingine zilipata, nyingine hazikupata.

Mwaka 2013 timu ya Born ikaacha umeme kabisa, ikatumia sauti: mashine inasoma mawimbi ya ubongo wa mtu aliyelala, wimbi likipanda inapiga mlio mfupi mwororo unaoangukia kwenye kilele. Mawimbi yakakua na kumbukumbu ikaongezeka. Milio hiyohiyo ikipigwa nje ya wakati haikusaidia. Mnaona tena, wakati ndio unaoamua.

#8 Mama Tatu

Nimesoma yote. Mimi swali langu si la mitihani. Mama yangu ana miaka 72, ameanza kuuliza jambo moja mara tatu kwa saa moja, na juzi alishindwa kukumbuka jina la mjukuu wake. Kuna kliniki imetuambia wanatibu usahaulifu kwa sumaku. Ndugu zangu wanataka tumpeleke. Nifanyeje?

#9 Mleta uzi

Pole sana dada, na uwape pole wote nyumbani. Kuona mzazi anaanza kupotea hivyo kunaumiza.

Kabla ya sumaku, apimwe kwa daktari wa kawaida. Usahaulifu wa mzee una sababu nyingi na baadhi zinatibika kabisa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi kuzembea, sonona, maambukizi ya mkojo, kukatika pumzi usingizini, masikio yasiyosikia vizuri. Dawa nazo zinachangia. Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za mzio zinajulikana kuvuruga kumbukumbu za wazee. Beba dawa zote anazotumia ndani ya mfuko umoneshe daktari, na zile za kununua bila cheti pia. Akipelekwa moja kwa moja kwenye sumaku, mambo hayo yanaweza yasiangaliwe na mtu yeyote, na miezi ikapita.

Kuhusu sumaku yenyewe sitaki kukukatisha tamaa kwa uongo. Huko Roma, Giacomo Koch na wenzake wa Taasisi ya Santa Lucia walichapisha mwaka 2022 utafiti wa wagonjwa 50 wa Alzaima, wa hatua ya awali hadi ya kati, waliopewa TMS au ya bandia kwa wiki 24, ikilenga eneo la katikati upande wa nyuma wa ubongo. Waliopata ya kweli hali yao ilibaki karibu palepale wakati wengine wakishuka. Hayo ni matokeo ya kutia moyo kweli. Lakini ni kundi dogo, ugonjwa ulikuwa umethibitishwa kwa vipimo, na walichopata ni kutoporomoka, hawakurudishiwa kumbukumbu zilizokwisha kupotea.

Ikifika siku mkaamua, kuna mambo ya kusema wazi bila kuulizwa: kama amewahi kuanguka kifafa, kama ana betri ya moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au chuma chochote kichwani. Koili ya TMS inaweza kuharibu kifaa hicho au kukipasha moto, na japo ni nadra, inaweza kuamsha degedege.

#10 Mama Tatu

Ubarikiwe. Hakuna aliyetuuliza kuhusu dawa zake. Naanza na hilo la mfuko wa dawa.

#11 Kijana wa Zamani

Naomba kueleweshwa, hii si ndiyo ile shoti ya hospitali za wagonjwa wa akili?

#12 Mleta uzi

Hapana mzee wangu. Ile ilianzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Inatumia mamia ya miliampea ili kuleta degedege kwa makusudi, na siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amepewa dawa ya usingizi. Ni tiba nzuri ya sonona kali, na usahaulifu ni moja ya madhara yake yanayojulikana. Tunayozungumza hapa ni miliampea 1 au 2, mtu yuko macho, anaongea.

#13 FundiUmeme

Swali lingine. Nimesoma kwamba kiungo cha kumbukumbu kiko ndani kabisa, hipokampasi. Umeme wa juu unaishia kwenye gamba, ile tabaka ya nje ya ubongo. Sasa unakifikiaje bila kutoboa?

#14 Mleta uzi

Swali zuri mno, na hapa ndipo watu wamekuwa wabunifu. Umuhimu wa hipokampasi tuliujua kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953 daktari William Scoville alimfanyia upasuaji Henry Molaison, kijana aliyesumbuliwa na kifafa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki 2008 hakuweza kuhifadhi matukio mapya ya maisha yake. Mtu alikutana naye, akatoka nje, akarudi, ikawa ni kujitambulisha upya.

Njia ya kwanza ya kufika huko ni kupitia jirani. Joel Voss na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipima kwanza, kwa picha za MRI, ni sehemu gani ya pembeni ya ubongo wa kila mshiriki inayowasiliana zaidi na hipokampasi yake. Kisha wakaichochea sehemu hiyo kwa TMS, dakika 20 kwa siku, siku tano. Watu 16 wenye afya. Uwezo wao wa kuunganisha sura na maneno ukaongezeka, na mawasiliano kati ya sehemu ile na hipokampasi yakaimarika. Ilichapishwa 2014. Sehemu inayolengwa inatofautiana mtu na mtu, kwa hiyo bila picha huwezi kuipata.

Njia ya pili utaipenda wewe fundi. Unapitisha umeme wa aina mbili kwa elektrodi tofauti: mmoja wa hezi 2,000, mwingine 2,005. Kila mmoja peke yake ni wa haraka mno, seli haziufuati. Lakini vinapokutana ndani, vinapishana na kutoa mdundo wa hezi 5, na huo seli zinaweza kuufuata. Ukipanga elektrodi vizuri, mahali pa kukutana panaangukia kwenye hipokampasi, na gamba la juu linaguswa kidogo tu. Nir Grossman na wenzake walilionyesha kwa panya mwaka 2017. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Ines Violante likachapisha matokeo kwa binadamu: shughuli ya hipokampasi ilibadilika, na watu walikuwa sahihi zaidi katika kukumbuka sura na majina. Makundi yalikuwa madogo, lakini mimi hii ndiyo naifuatilia kuliko zote.

#15 FundiUmeme

Hiyo ya kupishana ni akili kubwa. Nikiri, baada ya kusoma uzi nilikuwa naangalia betri ya volti 9 hapa mezani. Miliampea 2 si kitu, saketi yake naiweza.

#16 Mleta uzi

Saketi sina shaka unaiweza. Naomba usiiweke kichwani. Ngozi ikikauka chini ya sponji, umeme unajikusanya kwenye sehemu ndogo na unachoma, na watu wameungua kwa namna hiyo. Hayo ni ya juu ya ngozi. Mwaka 2016 watafiti 39 wa fani hii waliunga mkono barua ya wazi kwa watu wanaojitengenezea vifaa hivi. Walisema umeme hautulii chini ya elektrodi peke yake, kwamba ulichokuwa unafanya wakati wa umeme kinabadilisha matokeo, na kwamba watu wawili wenye mpangilio uleule wanaweza kupata matokeo tofauti. Anayejitengenezea huwa anajipiga kila siku kwa miezi, ratiba ambayo maabara hazijaipima ipasavyo.

Ukiwa na hamu ya kweli, tafuta chuo kinachofanya utafiti ujitolee. Kabla ya kusaini uliza mambo haya: kamati gani ya maadili imepitisha, mahali pa elektrodi panachaguliwaje, kama kuna kundi la umeme wa bandia, watakupima tena baada ya muda gani, na nani utampigia simu kichwa kikikuuma usiku. Wakishindwa kujibu hilo la mwisho, ondoka.

#17 FundiUmeme

Sawa mkuu. Betri nimeirudisha kwenye mita yangu. Ukipata matokeo mapya ya hiyo hezi 2,005, nitag hapahapa.